AFP 96: karatasi mbili za maabara na tumbo lililotangulia tarehe

Mwanamke wa miaka 29 kutoka Muheza, mimba ya tatu, alifika kliniki ya rufaa Tanga mjini na karatasi mbili za maabara zilizokunjwa ndani ya kadi yake ya kliniki. Ya kwanza ilikuwa ya AFP, kipimo cha damu kinachotumika kutafuta saratani ya ini, nayo ilisoma 96. Pembeni palikuwa na herufi H, yaani juu, iliyozungushiwa kalamu nyekundu, na chini yake maneno "kawaida: chini ya 10". Ya pili ilitoka maabara nyingine wiki moja baadaye, nayo ilisoma 91. Katikati ya karatasi hizo alikuwa amekunywa maji ya mizizi ya kuchemsha siku sita mfululizo. Mama mkwe aliyemsindikiza alikuwa na hesabu yake tayari: ilikuwa 96, sasa 91, dawa imeanza kushika.

Hesabu hiyo ilikuwa kinyume. Kipimo cha pili kilikuwa juu kuliko cha kwanza, na kilitakiwa kiwe juu. Kisa hiki ni cha kufundishia: kimeunganishwa kutokana na makosa yanayojirudia kwenye kipimo hiki, si habari za mgonjwa mmoja anayeweza kutambulika.

Alivyofika hapo

Kliniki ya wajawazito ya kwao ilimpima homa ya ini B na kumkuta na HBsAg, alama ya kwamba virusi vimo mwilini. Kwa mwingine jambo hilo lingeishia kwenye ushauri na vipimo vichache vya ziada. Kwake halikuishia hapo. Kaka yake wa damu alifariki kwa saratani ya ini akiwa na miaka 38, tumbo limejaa maji, miezi mitatu tu tangu aanze kulalamika maumivu ya ubavu wa kulia. Jina "homa ya ini" likaingia nyumbani na sura ya marehemu. Akapanda gari hadi Tanga, akaingia maabara binafsi na kuomba "kipimo cha ini, kile cha saratani". Akapewa alichoomba, akalipa, jioni akapata jibu.

Fomu ya maabara ile ilikuwa na nafasi ya jina, umri, jinsia na namba ya simu. Nafasi ya mimba haikuwepo. Muuguzi wa kliniki ya rufaa alipomuuliza kama aliwaambia ana mimba, alijibu: "Hawakuniuliza, dada. Nami nikadhani wanaliona tumbo."

Ombi lake lenyewe halikuwa la kipuuzi. Chanjo ya homa ya ini B iliingizwa kwenye chanjo za watoto Tanzania mwaka 2002, kwa hiyo watu wa rika lake walikua bila kinga hiyo. Virusi hivi vikiingia utotoni, mara nyingi hubaki maisha yote. Huku kwetu kuna mwenzake pia, sumukuvu ya kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu. Sumu hiyo, aflatoksini, huharibu jeni ya TP53 inayozuia saratani ndani ya seli za ini, na mtu mwenye vyote viwili hatari yake huzidishwa, haijumlishwi tu. Ndiyo maana saratani ya ini Afrika huwapata watu wakiwa bado vijana, na wengine ini lao halijapata hata makovu. Mwenye HBsAg ambaye ndugu yake alikufa kwa ugonjwa huo anastahili kufuatiliwa. Kosa lilikuwa kuchagua kipimo hiki, wakati huu, na kukisoma kwa kipimio cha mtu asiye na mimba.

Protini ya nani?

AFP ni kifupi cha alfa-fetoprotini. Hutengenezwa kwanza na kifuko cha kiini kinachomlisha kijusi siku za mwanzo, kisha ini la kijusi likachukua kazi, na utumbo wake huchangia kidogo. Jina "alfa" limetokana na mahali inapotua protini hii damu ikitenganishwa kwa umeme: kundi la alfa-1, nyuma ya albumini. Ni glaikoprotini yenye asidi amino kama 590 na uzito wa daltoni zipatazo 70,000. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya 4, jirani na jeni ya albumini, na protini hizo mbili ni ndugu kabisa. Mtu akitaka kuielewa haraka aifikirie kama albumini ya tumboni: hubeba asidi za mafuta, hasa zile ambazo ubongo unaokua unazihitaji, na mimba ikiendelea humwachia albumini nafasi yake. Katika panya hukamata estrojeni kwa nguvu. Ya binadamu haifanyi hivyo kwa kiwango cha maana. Ajabu ni kwamba wapo watu wachache waliozaliwa bila AFP kabisa na ni wazima, na zipo familia ambazo AFP yao hubaki juu maisha yote bila ugonjwa wowote.

Historia yake ndiyo inayoeleza mkanganyiko wa kaunta za maabara. Bergstrand na Czar waliiona kwenye damu ya kijusi mwaka 1956. Mwaka 1963 Abelev aliikuta kwa panya wenye uvimbe wa ini, na mwaka uliofuata Tatarinov akaikuta kwa binadamu wenye saratani ya ini. Seli ya ini ikigeuka saratani inaweza kuwasha upya jeni iliyozimwa tangu utotoni. Mwaka 1972 Brock na Sutcliffe, Edinburgh, walionyesha kwamba AFP hujaa kwenye maji ya uzazi ya watoto wenye mgongo wazi au wasio na fuvu. Kipimo kimoja kikapata kazi mbili, na maabara nyingi ndogo zimeshika ile ya kwanza tu.

Tofauti ya viwango ndiyo inayobeba kisa chote. Kwenye wiki ya 13 hivi, damu ya kijusi ina AFP karibu miligramu 3 katika kila mililita, yaani nanogramu 3,000,000. Kijusi hukojoa kwenye maji ya uzazi, na wiki ya 16 maji hayo huwa na nanogramu kama 20,000 kwa mililita. Damu ya mama wakati huo ina makumi tu. Mama hupata tone kutoka kwenye pipa, lakini tone hilo peke yake latosha kuvuka mara tatu au nne "chini ya 10" ya mtu asiye na mimba.

Kuna jambo jingine linalowachanganya hata wanaojua. Kiwango ndani ya kijusi huanza kushuka baada ya wiki ya 14, lakini cha mama huendelea kupanda hadi wiki ya 32 hivi, kwa kuwa kijusi kinakua na kondo la nyuma linapanuka na kupitisha zaidi. Kati ya wiki ya 15 na ya 20 damu ya mama hupanda kama asilimia 15 kila wiki. Mjamzito anayepimwa mara mbili kwa tofauti ya wiki moja lazima namba ya pili iwe kubwa, na ikiwa ndogo ndipo pa kuuliza kulikoni.

96 na 91

Basi kwa nini ya pili ilikuwa ndogo? Mtaalamu wa maabara alizigeuza karatasi zote mbili na kutazama herufi ndogo zilizo mbele ya namba. Ya kwanza: 96 ng/mL. Ya pili: 91 IU/mL. Kizio kimoja cha kimataifa cha AFP ni sawa na nanogramu 1.21. Kwa hiyo 91 mara 1.21 ni 110. Kutoka 96 hadi 110 ni ongezeko la asilimia 15 kwa siku saba, kama kitabu kinavyosema.

Mama mkwe aliambiwa hivyo kwa mfano wa sokoni: kilo na ratili hazilinganishwi kwa namba tupu. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Kwa hiyo ile dawa haikufanya kitu?" Haikufanya kitu kwa AFP. Kwa ini na kwa mimba, hakuna aliyeweza kumhakikishia, maana haikujulikana ni mizizi gani na kwa kiasi gani. Ilisimamishwa siku hiyo, na vimeng'enya vya ini vikapimwa kuona kama imeumiza.

Hata vizio vikifanana, maabara mbili zenye mashine tofauti zinaweza kupishana kwa asilimia kadhaa kwa sampuli ileile, kwa kuwa kingamwili zinazotumika kuikamata protini si za aina moja. Anayefuatiliwa kwa AFP, awe mgonjwa wa ini au wa uvimbe wa korodani, apimwe mahali pamoja kila mara, na karatasi iandike kizio na jina la mashine.

Kuhusu sampuli yenyewe maelezo ni mafupi. Damu mililita 3 hadi 5, chupa ya kifuniko chekundu au cha njano, iachwe igande nusu saa kabla ya kuzungushwa, na mgonjwa hahitaji kufunga kula. Anayemeza baiotini ya dozi kubwa kwa ajili ya nywele na kucha aiache siku mbili au zaidi kabla ya kupimwa, kwani baadhi ya mashine hutegemea baiotini kushika protini na zitatoa namba ya chini isiyo ya kweli. Kosa jingine humpata mwenye uvimbe mkubwa. AFP ikiwa nyingi kupita kiasi, kingamwili mbili za kipimo, zinazopaswa kuibana protini ileile kila moja upande wake, hujaa kila moja peke yake, haziungani, na mashine husoma kidogo. Tiba yake ni kupunguza makali ya sampuli mara 10, kisha mara 100, na kusoma upya. Mgonjwa kama yule kaka anaweza kurudishiwa jibu la kutia moyo kwa sababu hiyo tu.

Kutoka saratani hadi mgongo wazi

Ilipofahamika kwamba AFP inatoka kwa mtoto, hofu moja iliondoka na nyingine ikakaa kwenye kiti chake. Kwa mjamzito, namba hugawanywa kwa kiwango cha kati cha wanawake wa wiki ileile, na jibu huitwa MoM: mara ngapi ya kiwango cha kati. Kila maabara yapaswa kuwa na viwango vyake. Hapa vilivyotumika vilikuwa 34 kwa wiki 16, 48 kwa wiki 18 na siku 4, na 56 kwa wiki 19 na siku 4. Kwa mimba ya mtoto mmoja, 2.5 na kuendelea huhesabiwa ni juu, na maabara nyingine huanzia 2.0.

Kadi ya kliniki ilisema alikuwa na wiki 16 kamili siku ya sampuli ya kwanza. 96 gawanya kwa 34 ni 2.8. Anayefuata fomula kwa macho makavu angesema hapo hapo: chunguza mgongo wazi, fuvu, ukuta wa tumbo. Protini hii huvuja popote ngozi ya kijusi isipofunga. Mgongo ukiwa wazi, au utumbo ukielea nje kwenye maji ya uzazi, AFP humwagika kwenye maji hayo na kwa mama. Figo za kijusi zinazopitisha protini nazo huipandisha, na kadhalika kijusi kilichofia tumboni. Mgongo wazi uliofunikwa na ngozi haupandishi kitu, na hapo kipimo hupita kimya.

Lakini kabla ya mgongo kuna tarehe, na tarehe hii ilikuwa mbovu. Mama alikuwa ametoka kwenye sindano ya uzazi wa mpango miezi michache nyuma na hedhi yake haikuwa imetulia. Alichokitaja kama hedhi ya mwisho kilikuwa damu kidogo ya siku moja na nusu. Mkunga alimlaza, akaweka kiganja tumboni. Kwa wiki 17 zilizodaiwa siku hiyo, juu ya mfuko wa uzazi pangekuwa chini ya kitovu kwa vidole kadhaa. Alipakuta vidole viwili juu ya kitovu.

"Tumbo hili limenizidi tangu mwezi uliopita," mama alisema. Mama mkwe akadakia kwamba kwao mapacha wapo, yeye mwenyewe alizaa. Hapo pana kosa la kawaida ambalo halina madhara: mapacha wasiofanana hutokana na mwili wa mama kukomaza mayai mawili kwa mwezi mmoja, na tabia hiyo hurithiwa na binti za mama mkwe, si na mkwewe. Alipatia jibu kwa njia isiyo sahihi.

Kwenye altrasaundi

Siku tatu baada ya sampuli ya pili, mtaalamu aliweka jeli na kioo kikaonyesha vichwa viwili. Kipenyo cha kichwa cha wa kwanza kilikuwa milimita 47, cha pili 46. Mifupa ya paja ilikuwa 33 na 32. Vipimo hivyo ni vya wiki 20. Kwa mapacha umri huwekwa kwa mtoto mkubwa. Tofauti kati yake na tarehe ya kadi ilikuwa siku 18, na kipindi hicho cha mimba tofauti ikizidi siku 10 tarehe ya altrasaundi ndiyo hushika. Kadi ikasahihishwa kwa wino: siku ya sampuli ya kwanza ilikuwa wiki 18 na siku 4, ya pili wiki 19 na siku 4.

Sasa hesabu ilirudiwa. 96 gawanya kwa 48 ni 2.0. 110 gawanya kwa 56 ni 1.96. Mapacha wana maini mawili yanayotengeneza, hivyo kiwango cha mama huwa karibu mara mbili ya cha mtoto mmoja. Gawanya kwa mbili: 1.0 na 0.98. Ni vigumu kupata namba za kawaida kuliko hizo. Wanaotumia kikomo maalumu cha mapacha huweka kati ya 4 na 5 bila kugawanya, naye alikuwa mbali na hapo. Uzito wake wa kilo 58 haukuhitaji marekebisho ya maana. Mama mnene damu yake huizimua protini, na mwembamba sana huikoleza, kwa hiyo maabara makini huuliza kilo. Kisukari cha kutumia insulini nacho hurekebishwa, na pia asili ya Kiafrika, ambayo huwa juu kidogo.

Namba kuwa nzuri hakukumfanya mtaalamu aache kuangalia, na hii ndiyo sehemu ya kazi ambayo haipaswi kuharakishwa, hasa kwa mapacha, kwani mmoja mwenye kasoro anaweza kufichwa na mwenzake mzima. Kichwa cha kila mtoto kilitazamwa kwa mkato wa kulala. Fuvu la mbele likibonyea pande zote mbili, kichwa huonekana kama limao, na ubongo wa nyuma ukivutwa chini hujikunja kama ndizi. Picha hizo mbili huonyesha mgongo wazi hata pale mgongo wenyewe unapojificha. Hapa vichwa vilikuwa vya mviringo mzuri, na ubongo wa nyuma ulikuwa na umbo la namba nane iliyolala, upana wa milimita 20, unaolingana na wiki zake. Kisha mgongo: kwa urefu, mistari miwili sambamba kama njia ya reli hadi mkiani, kwa mkato, pete zilizofunga pingili baada ya pingili, ngozi imepita juu bila kukatika. Kuta za tumbo zilikuwa nzima, kitovu mahali pake, figo mbili mbili, mioyo inapiga. Mmoja wa kiume, mwingine wa kike, kwa hiyo swali la kama wanashirikiana kondo moja halikuwa na haja ya mjadala.

Mtoto angekuwa mmoja, tarehe sahihi na 2.8 imebaki 2.8, njia ingekuwa ndefu: altrasaundi ya kina, na pale inapowezekana kuchota maji ya uzazi na kupima AFP pamoja na kimeng'enya cha asetilikolinesterasi, ambacho hutoka kwenye neva zilizo wazi. Hata picha ikiwa safi, AFP iliyo juu bila sababu huambatana na matatizo ya kondo baadaye: presha ya mimba na mtoto kudumaa tumboni. Mama wa namna hiyo hupangiwa mahudhurio ya karibu zaidi. Na kwa mimba nyingine huambiwa aanze asidi foliki kabla ya kushika mimba, mikrogramu 400 kwa siku, au miligramu 4 hadi 5 kama alishawahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi. Mfereji wa neva hufunga ndani ya wiki nne tangu mimba kutungwa, na wengi hawajajua hata kama wana mimba.

Ini, hatimaye

Mimba hupotosha vipimo kadhaa vya ini kwa wakati mmoja, na karatasi ya mama huyu ilikuwa na mfano. Fosfatasi ya alkali ilikuwa juu kwa sababu kondo la nyuma huitengeneza. Albumini ilikuwa chini kwa sababu damu ya mjamzito huongezeka maji. Mtu asiyejua angeziweka hizo mbili pamoja na AFP na kuandika cheti cha ugonjwa wa ini uliokomaa. ALT, kimeng'enya cha ini, ndiyo isiyotarajiwa kupanda kwa mimba ya kawaida, na yake ilikuwa 22. Chembe sahani zilikuwa za kutosha. Altrasaundi ya ini, ambayo haina madhara kwa mimba na ndiyo ingefaa kuwa ya kwanza kabisa, ilionyesha ini laini lisilo na uvimbe, na bandama ya ukubwa wa kawaida.

Altrasaundi hiyo ingefanywa hata kama AFP ingekuwa ndogo. Karibu theluthi ya saratani za ini hazipandishi AFP, hasa zikiwa changa. Kwa mtu asiye na mimba, namba inayozidi 400 ng/mL pamoja na uvimbe huwa na uzito mkubwa. Kati ya 20 na 400 ni ukungu: homa ya ini iliyochachamaa nayo huipandisha pale ini linapojijenga upya. Namba za ukungu huo husaidiwa na kutazama sukari ya fukosi iliyobandikwa kwenye protini. AFP ya saratani huwa na fukosi zaidi na hunaswa na protini inayotolewa kwenye dengu, kipimo kinachoitwa AFP-L3. Uamuzi hata hivyo hutoka kwenye CT ya awamu tatu, ambapo uvimbe hung'aa dawa ikiwa kwenye ateri na kufifia ikifika kwenye vena.

Kwa homa ya ini B, HBeAg, alama ya virusi kuzaliana kwa wingi, ilikuwa hasi na virusi 1,900 IU/mL. Kinachoamua dawa ya kumkinga mtoto ni virusi kuanzia 200,000 IU/mL au HBeAg chanya. Aliye hivyo huanza tenofovir, dawa ya virusi, ikiwezekana tangu miezi mitatu ya pili ya mimba. Pale ambapo kipimo cha virusi wala cha HBeAg hakipatikani, mwongozo wa WHO wa 2024 unaruhusu kuwapa wajawazito wote wenye HBsAg. Mama huyu hakuihitaji. Alichohitaji ni chanjo ya homa ya ini B kwa kila pacha ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa, na muuguzi aliandika kwa herufi kubwa kwenye kadi kwamba ihakikishwe ipo kabla ya siku ya kujifungua, si siku hiyo. Kisha chanjo ya pentavalenti, yenye ya homa ya ini B ndani yake, wiki ya 6, 10 na 14 kama watoto wengine. Kunyonyesha hakukatazwi. Mume na watoto wawili wakubwa waliitwa kupimwa. Mume alikutwa hana virusi wala kinga, akaanza dozi zake tatu za chanjo.

Kwenye faili likaandikwa pia: AFP isipimwe kwa ajili ya ini hadi wiki 10 baada ya kujifungua. Hesabu yake ni rahisi. Protini hii hupungua nusu kila siku 5 hadi 7 chanzo kikiondoka. Tuseme mama wa mapacha amejifungua akiwa na 300. Siku 7 baadaye amebaki na 150, siku 14 na 75, siku 35 na 9 hivi, siku 49 na 2. Anayepima wiki ya pili atapata 75 na kuanza hofu upya. Wiki 10 zinatosha hata kwa mwili unaochelewa.

Alijifungua wiki ya 37, wote wawili wazima, wa kike kilo 2.4, wa kiume kilo 2.6. Chanjo walipata saa ya tano baada ya kuzaliwa. Siku ya kutoka wodini baba aliuliza kama watoto nao wapimwe AFP, kwa kuwa mjomba wao alikufa kwa ini. Hawakupimwa. Mtoto mchanga aliyetimiza miezi huzaliwa na AFP ya makumi ya maelfu ya nanogramu. Wiki mbili za kwanza hupungua nusu kila siku 5 au 6, baadaye hupungua polepole zaidi, na kufikia ya mtu mzima inaweza kuchukua miezi 8 hadi 12. Mtoto wa miezi miwili mwenye AFP ya mamia anaweza kuwa mzima wa afya, na maabara ikichapa H nyekundu mbele ya namba hiyo imelinganisha kichanga na babu yake. Kipimo hicho kwa watoto wachanga huachwa kwa wale wenye uvimbe wa tumbo, na husomwa kwa jedwali la siku za umri.

Wiki ya 10 mama alirudi na kadi ileile. Karatasi ya tatu ilijazwa kwenye fomu iliyoongezewa mistari mitatu kwa mkono: *Ana mimba? Hapana, amejifungua wiki 10. Kizio: ng/mL. Sababu: HBsAg chanya, kaka wa damu alifariki kwa saratani ya ini.* Jibu lilikuwa 3.1. Tarehe ya kurudi kwa altrasaundi ya ini iliandikwa miezi sita mbele.